Mpaka Mafuta Yaache Kupumua

Lori la Mbeya lilikuwa linaondoka saa nne, na Meneja wa mgodi wa dhahabu wa Ntundwa alitaka fundi Andongwisye Kibona awe juu yake, pingu mikononi. Sajini Kefa Simkonda wa upelelezi alifika saa moja asubuhi kutoka Mkwajuni, kwa baiskeli, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Alikuwa na saa tatu basi. Mtu mwingine akipewa saa tatu angeanza kukimbia huku na huku. Kefa aliomba maji ya kunawa, akanawa, akaomba kiti, akakaa. Mnamwanga huyu wa Tunduma akishaamua kukaa, hata umpigie tarumbeta sikioni haondoki.

Meneja alikuwa Mzungu mwembamba aliyejifunza Kiswahili kwa kutoa amri, na Kiswahili chake hakikuwa na neno la kuomba ndani yake.

"Kesi nakwisha," alisema. "Mwizi iko. Wewe napeleka tu."

"Ndiyo, Bwana. Mwizi nitampeleka. Kwanza naomba nione hicho kitu."

Meneja akafungua droo, akaweka mezani kipande cha chuma. Kilikuwa na urefu wa kidole, kinene upande mmoja, kimechongoka upande wa pili. Kilikuwa kizibo cha sanduku la kinu, lile linalokaa chini ya mabamba ambapo zebaki hunasa dhahabu. Kila asubuhi, mbele ya walinzi wawili, kizibo kiling'olewa, zebaki na dhahabu yake vikatiririkia kwenye ndoo ya kufuli, kizibo kikarudishwa mahali pake. Walinzi walikagua mifuko ya watu. Walikagua vinywa, nywele, hata nyayo. Kizibo hakikukaguliwa na mtu. Nani akague chuma?

Jumatano, yaani juzi, mlinzi mmoja alikiangusha kwenye jiwe, kikalia kama kopo, si kama chuma kizima. Kumbe ndani kilikuwa wazi. Ubavuni kilikuwa na tundu dogo la kuingizia zebaki, na upande mnene kilikuwa na kifuniko kilichokaa sawasawa, hata ukipitisha ukucha huoni mahali kilipoungana. Na ndani mlikuwa na zebaki nzito, imenenepa kwa dhahabu.

"Lo!" alisema Kefa, akikigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Kazi nzuri hii."

Meneja hakupenda kusikia hivyo. "Mtu moja tu hapa naweza fanya hii. Kibona."

Hapo Meneja alikuwa na lake la kusema. Kizibo kile kilikerezwa kwenye mashine, na Ntundwa ilikuwa na mashine moja ya kukereza na mkerezaji mmoja tu kwa miaka sita. Kefa alisubiri aambiwe ushahidi mwingine. Hakuambiwa, kwa sababu haukuwapo. Kibona anajua kazi, kwa hiyo Kibona ameiba. Kefa alikuwa ameona kesi nyingi tangu vita viishe, lakini hii ilikuwa ya kwanza ambapo mtu alifungwa kwa sifa yake.

Alianzia stoo. Karani wa stoo, Boazi, alikuwa kijana mnene mwenye kalamu mbili mfukoni, na alianza kutoka jasho kabla hajaulizwa kitu.

"Chuma cha unene huu kimetoka kwako?"

Boazi akakitazama, akapima kwa kidole. "Ni cha mzigo wa Ijumaa iliyopita, afande. Kabla ya hapo tulikaa miezi miwili hatuna chuma cha namna hii. Hata msumari mkubwa hatukuwa nao."

Kefa akaandika. Kizibo basi kilitengenezwa baada ya Ijumaa, kabla ya Jumatano.

"Na ufunguo wa karakana?"

"Mmoja anao fundi Kibona. Mwingine unaning'inia hapo, kwenye msumari." Boazi akameza mate. "Kuna na mlango wa chumba cha injini, maana mkanda wa kuzungushia mashine unapita ukutani. Ule haufungwi."

"Nilipoingia, mlinzi wa lango aliniambia alikuona Jumapili ukitoka karakana, umeficha kitu chini ya koti."

Boazi akakaa juu ya gunia. "Mungu wangu," alisema. Kefa hakumlazimisha aseme zaidi. Alimwambia tu asitoke pale stoo.

Andongwisye alikuwa amefungiwa chumba cha mabati nyuma ya ofisi. Nje, kwenye seng'enge, alisimama mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani na chungu mkononi. Alimwona Kefa akipita, akamkata njia.

"Ndaga, afande," alisalimu kwa lugha ya kwao. "Mimi ni Tupokigwe, mama Lwitiko. Mume wangu hajala tangu Jumatano, wanakataa nisiingize chakula. Wamesema nyumba tuihame kesho. Wamesema miaka saba." Hakulia. Aliongea kwa hasira ya mtu aliyeongea hivyo kwa watu wengi na wote wakapita. "Miaka saba kwa sababu mikono yake ni mizuri? Si wangesema mapema, akapunguza uzuri?"

"Mama, lete hicho chungu," alisema Kefa. "Ataingia nacho Sajini mwenyewe. Tuone nani atakayekizuia."

Mlinzi wa mlango aliona chungu, akaona mistari mitatu begani kwa Kefa, akatazama pembeni.

Andongwisye alikula ugali na kisamvu bila kusema neno, na Kefa alimtazama akila. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mfupi, Mndali wa milima ya Isongole. Mikono yake ilikuwa imejaa vidoti vyeusi kuanzia kiwikoni kwenda chini.

"Hiyo ni ndui?"

"Hapana, afande. Chuma kikikerezwa kinarusha chembe za moto. Zinaruka, zinakaa hapa. Hakuna mkerezaji asiyekuwa nazo." Akanawa. "Sasa tuondoke. Najua lori ni saa nne."

"Ni saa mbili na robo. Twende karakana ukanifundishe kazi."

"Nikufundishe nini, afande? Nimejifunza miaka sita, na bado."

"Basi nifundishe mpaka saa tatu na nusu."

Andongwisye akacheka, kicheko kidogo, cha kwanza tangu akamatwe.

Karakana ilikuwa na joto la Oktoba na harufu ya mafuta. Mashine ilisimama chini ya dirisha, nzee, imeng'aa kwa kufutwa. Kefa akamfungua fundi pingu. Meneja, aliyekuwa amewafuata, akafungua kinywa.

"Hawezi kunionyesha kazi mikono ikiwa imefungwa, Bwana," alisema Kefa kabla amri haijatoka. "Akikimbia, nipeleke mimi na hilo lori."

Meneja akaondoka kwa hasira. Andongwisye alisugua vifundo vya mikono, akaweka kiganja juu ya mashine, akakiacha hapo kidogo.

"Tazama," alisema. "Hiki ni kigari. Kisu kinakaa juu yake. Kinatembea kwenye reli hizi, kwenda na kurudi, nikizungusha mpini. Pembeni hapa, kati ya kigari na reli, kuna ubapa wa chuma, na skrubu nne zinazousukuma. Watu wanafikiri kazi iko kwenye kisu. Kazi iko hapa, kwenye mbano."

"Mbano?"

"Ukilegeza, kigari kinacheza. Kisu kinatetemeka, chuma kinatoka na mawimbi."

"Basi bana sana."

"Haya, bana sana. Kigari kinagoma. Unasukuma, kinakataa, unasukuma, kinakataa, halafu kinaruka. Chuma kinatoka na ngazi. Na reli zinaliwa, maana umeyakamua mafuta yote."

"Sasa kipimo ni kipi?"

Andongwisye alichovya kidole kwenye kopo la mafuta, akadondosha tone moja kwenye mstari ambapo kigari na reli vinakutana. Akalegeza skrubu kidogo.

"Weka jicho hapa, afande. Karibu zaidi."

Akakikandamiza kigari kwa kiganja, akakiachia. Akakikandamiza, akakiachia. Tone la mafuta likaingia, likatoka, likaingia, likatoka.

"Yanapumua!" alisema Kefa kwa sauti, kabla hajajizuia.

"Yanapumua, kwa sababu kuna nafasi. Sasa ngoja." Akashika spana, akagusa skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akarudia, kila moja kwa kiasi ambacho Kefa hakuweza hata kukiona. Akakandamiza tena. Mafuta yalitulia. "Yameacha. Nafasi imekwisha. Lakini hapo bado. Kazi ikianza, kisu kitasukuma, na nafasi itarudi. Kwa hiyo unaongeza kidogo, ubapa uegemee reli kweli kweli hata kabla kisu hakijagusa kitu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Ndiyo swali, afande!" Uso wa fundi ulikuwa umefunguka kabisa, ungedhani hakuna lori wala pingu duniani. "Inategemea kazi. Nikikereza mhimili wa kinu, kisu kinakula sana, naongeza mpaka mpini ugombane na mkono mzima. Kitu chepesi kama kizibo, naacha wepesi. Kidole kimoja kikishindwa kuzungusha mpini na viwili vikiweza, pametosha. Kupita hapo ni ubishi."

Kefa akajaribu kidole kimoja. Hakikuweza. Akaongeza cha pili, na kigari kikateleza kimya kimya kwenda mbele. Alikirudisha, akakipeleka tena, bila sababu, kwa raha tu. Sajini huyu alikuwa amehojiwa na majaji bila kupepesa, na sasa alikuwa anachezea mpini kama amepewa zawadi.

"Mbona umekipeleka mpaka mwisho ndipo ukabana?"

"Umeona?" Andongwisye alimtazama kwa heshima mpya. "Mashine hii ililetwa hapa imeshazeeka. Katikati reli zimeliwa, maana ndipo kazi nyingi hufanyika. Ukibana kigari kikiwa katikati, utaona pazuri sana. Kipeleke mwisho, ambako reli bado nene, kitagoma. Kwa hiyo nabana mwishoni. Katikati panabaki na ulegevu kidogo. Naujua, nakata taratibu nikifika hapo. Mashine nzee unakwenda nayo, huiamrishi."

Kefa akatoa kile kizibo mfukoni, akamkabidhi.

"Walikuonyesha hiki?"

"Kwa mbali. Meneja alikuwa anakipunga usoni kwangu."

Andongwisye alikipokea. Alifungua kifuniko, akakifunga, akakifungua tena. Kefa aliona kitu ambacho hakukitegemea kwa mtu anayekwenda kufungwa kwa ajili ya chuma hicho: fundi alikuwa anakionea wivu.

"Afande, mtu huyu anajua. Kifuniko hiki mimi nisingekiweza hivi. Nasema kweli." Akapitisha ukucha ubavuni mwa kizibo, kutoka kwenye ncha kwenda kwenye unene. Katikati ulipita laini. Karibu na mwisho ukaanza kugota: ta, ta, ta. Akarudia. Akanyanyua uso.

"Ngazi."

"Nini?"

"Mwishoni kuna ngazi. Kigari kiligoma kikaruka." Aliinuka, akachukua kizibo kingine rafuni, cha zamani. "Hiki nilikereza mimi mwaka jana. Pitisha ukucha wako."

Kefa akapitisha. Katikati palikuwa na mawimbi membamba mno. Mwishoni palikuwa laini. Akapitisha kwenye kizibo cha wizi. Katikati laini, mwishoni ngazi. Kazi mbili za mashine moja, na kila moja ilikuwa na kosa mahali ambapo nyingine ilikuwa safi.

"Aliyekereza hiki alibana katikati," alisema Kefa polepole.

"Alibana katikati. Ni mtu aliyefundishwa kwenye mashine mpya, afande. Mashine mpya ubane popote, ni mamoja." Halafu Andongwisye akashika kichwa. "Ala! Jumatatu!"

"Jumatatu nini?"

"Jumatatu asubuhi nilikuta mpini mzito mwishoni. Jumamosi jioni niliuacha mwepesi."

"Na hukumwambia mtu?"

Fundi akainamisha uso. "Niliona haya. Nilijua ni mimi nimekosea. Miaka sita, halafu nibane vibaya kama mwanafunzi? Nikairekebisha haraka watu wasione, nikanyamaza."

Kefa alitaka kumkemea, akashindwa. Mtu huyu angekwenda jela miaka saba kwa kuona haya juu ya robo ya mzunguko wa skrubu.

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Mkwajuni, kanisani, kutwa nzima. Mwanangu Lwitiko alikuwa anabarikiwa. Uliza mchungaji, uliza wanakwaya, mimi ndiye ninayewaongoza."

"Na Jumapili, mkanda wa mashine unazunguka?"

"Unazunguka. Injini haizimwi, inavuta maji shimoni."

Ilikuwa saa tatu kasorobo. Kefa akauliza swali moja la mwisho, nalo lilikuwa la ajabu: nini kingetokea kama mjinga angeikaza skrubu ile kwa nguvu zake zote. Andongwisye akashtuka. Ubapa ungepasuka, alisema, na ubapa ule aliuchonga mwenyewe kwa tupa, wiki mbili, mpaka vidole vikavimba.

"Vizuri," alisema Kefa. "Sasa nivumilie." Akamfunga tena pingu, akamkalisha kwenye kasha pembeni, akaita watu wawili ambao Jumapili waliweza kuingia karakana.

Boazi aliingia wa kwanza. Kefa alimwambia azungushe mpini. Boazi akaushika kwa mikono miwili, akauzungusha kwa nguvu kama anavuta ndoo kisimani, kigari kikaenda mbio, karani akaruka nyuma.

"Afande, mimi ni mtu wa kalamu!" alilia. "Jumapili nilichukua mafuta ya taa. Chupa mbili. Mke wangu amejifungua, hatukuwa na taa. Ndiyo hayo tu niliyoficha, Mungu ananiona."

Kefa alimtazama mikono. Ilikuwa laini, haina hata doa. "Nenda kamwambie mlinzi ukweli wako. Na hongera ya mtoto."

Wa pili alikuwa Hezron Siame, mtia mafuta wa chumba cha injini, aliyekuwa na miezi miwili tu Ntundwa. Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, na aliposikia jina la Simkonda alisalimia kwa adabu ya nyumbani kwa Wanamwanga, akimwita mukwai, yaani bwana, akipiga makofi mawili madogo.

"Mwapoleni, mukwai."

"Mwapoleni. Umetokea wapi, ndugu yangu?"

"Ng'ambo ya mpaka, migodi ya shaba. Nimekaa kule miaka saba."

"Ukikereza?"

"Nikitia mafuta, mukwai. Karatasi zangu ziko ofisini. Mimi hizi mashine sizijui." Joto lilikuwa la kukausha mate, watu wote wa kinu na shimoni walikuwa vifua wazi, na Hezron alikuwa amefunga vifungo vya mikono ya shati mpaka kwenye vifundo. Tena yeye ndiye aliyetia grisi kinu kila asubuhi, hatua mbili kutoka kwenye kizibo.

"Hata mimi sizijui," alisema Kefa kwa furaha. "Lakini fundi wenu anakwenda, na Meneja anataka mashine ifanye kazi. Nadhani hizi skrubu zimelegea."

Akachukua spana kubwa, akaipachika kwenye skrubu ya kwanza, akavuta kama anakaza gurudumu la lori. Pembeni, Andongwisye alitoa mguno. Kefa akavuta tena.

"Taratibu, mukwai," alisema Hezron.

"Si inatakiwa ikaze?" Kefa akaegemeza bega. Chuma kikalia, sauti nyembamba, mbaya. Andongwisye akafumba macho. Kefa akavuta pumzi, akashika spana kwa mikono miwili.

"Acha! Acha wewe, utaipasua!"

Hezron alikuwa amemnyang'anya askari spana. Hata yeye hakuonekana kujua amefanya nini. Mikono yake ilikuwa tayari kazini: ililegeza skrubu nne, ikakivuta kigari mpaka katikati, ikachovya mafuta, ikadondosha tone kwenye mstari. Alikandamiza, akaachia, akitazama. Aligusa skrubu moja moja, kwa wepesi, kwa zamu, kichwa kimeinama kando kama anasikiliza. Tone likatulia. Aliongeza kidogo, akajaribu mpini kwa kidole kimoja, kisha viwili. Kefa aliitazama mikono ile na, Mungu amsamehe, aliipenda. Andongwisye naye alikuwa amesimama bila kujua, akitazama kwa kinywa wazi.

Hezron akaweka spana chini.

"Sasa kipeleke mwisho," alisema Kefa.

Hezron akazungusha. Kigari kikaenda, kikaenda, kikagoma. Akasukuma, kikakataa. Akasukuma, kikaruka. Alitazama mpini mkononi mwake, halafu akatazama kizibo ambacho Kefa alikuwa amekiweka juu ya mashine, karibu na kisu. Alikuwa fundi, hakuhitaji kuelezwa.

"Fungua vifungo vya mikono, ndugu yangu."

Hezron akavifungua mwenyewe, akapandisha shati. Vidoti vyeusi, kuanzia kiwikoni kwenda chini.

"Miaka saba nimekereza," alisema, akiongea na mashine zaidi kuliko na watu. "Kwenye karatasi nikaandikwa mtia mafuta, maana mkerezaji kule haandikwi Mwafrika. Mzungu wangu alilala, mimi nikakereza, yeye akasifiwa. Nilipovuka Tunduma nikasema, haya, karatasi yenu hiyo hiyo nitaitumia. Nani atamshuku mtia mafuta?" Akanyoosha mikono kwa ajili ya pingu. "Kizibo cha kweli kiko chini ya kopo la grisi, pamoja na dhahabu iliyobaki."

Kefa akazitoa pingu kwa Andongwisye, akazifunga kwa Hezron. Fundi hakusogea. Alikuwa anamtazama yule mtu kwa macho makali.

"Ungeniacha niende?" aliuliza. "Miaka saba, na watoto wangu nje?"

Hezron alifikiri. "Ningekuacha," alisema. Halafu akaitazama mashine: "Wewe unabana wapi?"

"Mwishoni. Katikati pameliwa."

"Mwishoni," Hezron alirudia. "Kumbe."

"Ungesema tu kwamba unajua," alisema Andongwisye, na sauti yake ilikatika kwa hasira na kwa kitu kingine. "Mjinga mkubwa wewe! Mikono ile! Ningekupa nusu ya mashine."

Kichwa cha Hezron kiliinama, na Kefa akamtoa nje kabla hajaulizwa zaidi.

Lori lilikuwa limeshapiga honi mara mbili. Meneja alisikiliza taarifa ya Kefa akiwa amesimama, akapitisha ukucha wake kwenye vizibo vyote viwili, akarudia, akawa mwekundu. Kwa haki yake, hakubisha.

"Basi," alisema. "Huyu naingia lori. Kibona narudi kazi. Mhimili ya kinu nangoja tangu Jumatano."

Andongwisye alibaki mlangoni.

"Bwana, Jumatano ulinifunga mbele ya watu wote wa kinu."

"Sasa mimi nafungua."

"Umenifungulia humu ndani."

Meneja akamtazama Kefa amweleze. Kefa akavuta kiti, akakaa.

"Anataka useme kule ulikosemea, Bwana. Mimi nina taarifa ya kuandika, naandika taratibu sana, na lori haliondoki bila mimi."

"Meneja hapana simama mbele ya watu kwa fundi!"

"Mhimili unanisubiri, Bwana," alisema Andongwisye kwa upole. "Na mimi nasubiri."

Nje, nusu ya kinu ilikuwa kimya kwa kukosa mhimili, na Meneja ndiye aliyekuwa na hesabu ya hasara ya kimya hicho. Alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Halafu akatoka, na wao wakamfuata.

Watu walikuwa wengi uani: wa kinu, wa shimoni, walinzi, Boazi na kalamu zake. Seng'enge ilikuwa imejaa wanawake. Meneja alisimama kwenye ngazi ya ofisi, akatazama juu ya vichwa vyao.

"Kibona hapana iba," alisema, chini ya masharubu.

"Hatujasikia!"

Sauti ilitoka seng'enge. Watu wote wakageuka. Tupokigwe alikuwa ameshika waya kwa mikono miwili, na hakuonyesha dalili ya kurudia kwa upole.

Meneja akavuta pumzi. Kefa, aliyesimama nyuma yake, aliona shingo ikiwa nyekundu mpaka kwenye kola.

"Kibona hapana mwizi!" alipaza sauti, ikapiga mabati ya kinu ikarudi. "Mimi nakosa! Kibona ni fundi!"

Andongwisye, ambaye hakulia Jumatano, wala usiku ule, wala ule wa pili, alifunika uso kwa mikono yake yenye vidoti, akalia kwa sauti mbele ya watu wote.

"Sasa tumesikia, Bwana," alisema Tupokigwe.